Vifaranga wa tausi: kwa nini hawali, na walishwe nini

Wateja wengi waliochukua vifaranga wa tausi hutupigia simu kati ya siku ya tatu na ya tano tangu vifaranga waanguliwe, na malalamiko ni yale yale: chakula kipo, maji yapo, lakini kifaranga amesimama tu, macho nusu yamefumba, mabawa yameshuka. Mtu hukimbilia antibayotiki. Mara nyingi hakuna ugonjwa hapo, ni njaa.

Kifaranga huanguliwa akiwa na masalio ya kiini tumboni, nayo humtosha siku mbili hadi tatu. Wa kuku hudonoa chochote kilicho mbele yake hata asipokuwa na mama. Wa tausi husubiri kuonyeshwa: tausi jike huokota punje au mdudu, humshika mdomoni, na kifaranga humchukua pale pale mdomoni. Ukitotolesha kwa mashine, kazi ya mama huyo inabaki kwako.

Kuanzia siku ya pili, kila baada ya saa moja au mbili mchana kutwa, shika funza mdogo kwa kibano na umchezeshe mbele ya macho yake, usawa wa mdomo na si sakafuni. Akishadaka wawili watatu, mshushe taratibu hadi kwenye sahani ya chakula. Gonga sahani kwa ncha ya kidole. Nyunyizia juu ya chakula kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa, maana rangi ile ya njano huvuta jicho. Sahani iwe bapa, si chombo chenye matundu ya kuingiza kichwa. Hicho atakijua baadaye. Yai lililobaki liondoe kabla ya saa mbili kupita, kwani kwenye joto la bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga lenye taa ya joto, huoza upesi.

Njia nyepesi kuliko zote ni kumpa mwalimu: kifaranga wa tausi aliyemtangulia wiki moja na anayekula vizuri. Wengine hutumia kifaranga wa kuku. Inafaa, ila awe ametotoleshwa kwenye mashine wakati mmoja nao na hajawahi kukanyaga ardhi ya kuku wakubwa. Sababu tutaifikia.

Usikisie kama amekula. Jioni papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: liwe limejaa na laini. Asubuhi mpime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kupungua kidogo siku mbili za mwanzo ni kawaida. Kuanzia siku ya nne uzito usipopanda, rudi kwenye kibano. Maji yawe kwenye kisahani kifupi chenye kokoto safi ndani asije akazama, na mchovye mdomo mara moja au mbili ajue yalipo.

Sasa chakula chenyewe. Kwa wiki sita za mwanzo tausi anahitaji protini ya asilimia 28 hivi. Stata ya kuku, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga, kwa kawaida ina asilimia 18 hadi 22, na ndiyo maana vifaranga wanaoila peke yake huchelewa kuota manyoya na miguu huwa dhaifu. Kinachofaa ni stata ya bata mzinga. Usipoipata, changanya kilo 2 za stata ya kuku ya asilimia 20 na kilo 1 ya mashudu ya soya ya asilimia 44. Utapata asilimia 28. Soya iwe imepitishwa motoni, kwani mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Fahamu pia kwamba vitamini na madini ya stata yamepungua kwa theluthi, hivyo weka vitamini za kuku kwenye maji. Ukikokotoa utaona unga wa samaki nao ungefikisha kiwango hicho, lakini sisi hatuushauri kama nyongeza kuu: mwingi una chumvi, na chumvi humharibu kifaranga haraka.

Kitu kimoja usikiguse kabisa: chakula cha kuku wa mayai. Kina kalsiamu karibu mara nne ya mahitaji ya kifaranga, nayo huharibu figo.

Majani mabichi yaliyokatwa laini anza nayo mwishoni mwa wiki ya kwanza, kidogo tu, pamoja na mchanga mwembamba wa kusagia.

Kuhusu joto, nyuzi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yakamilike. Taa iwe upande mmoja wa bruda ili wachague wenyewe. Wakirundikana chini yake wana baridi. Wakikaa mbali wakihema midomo wazi, limezidi. Ining'inize kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na epuka balbu zilizopakwa tefloni: mvuke wake huua ndege. Funika juu kwa wavu. Tausi huzaliwa na manyoya ya mabawa tayari, na ndani ya wiki ya kwanza anaweza kuruka nje ya boksi.

Gazeti tupu sakafuni huteleza, miguu ikaachana. Tumia kitambaa kikavu chenye mkwaruzo siku za mwanzo, halafu maranda makavu. Miguu ikishaachana, ifunge kwa kipande cha plasta, nafasi kati yake iwe ya upana wa kawaida wa kusimama, kwa siku tatu hivi. Hufanya kazi vizuri kifaranga akiwa mchanga. Ukingoja wiki mbili umechelewa.

Kuanzia wiki ya tatu adui ni ugonjwa wa kuhara damu (koksidiosisi), unaoletwa na kimelea cha utumbo. Unyevu ndio unaoukuza, kwa hiyo badilisha maranda yaliyolowa kila siku, hasa karibu na maji. Dawa ya kawaida ni amproliamu. Wakati wa kuitumia acha vitamini B, kwani hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, na ukiiongeza umeifuta dawa.

Ugonjwa wa kichwa cheusi ni mbaya zaidi. Kimelea chake husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku na ndani ya nyungunyungu, na hukaa ardhini kwa miaka. Kuku anaweza kuubeba bila kuonyesha dalili. Tausi mchanga hufa. Kinyesi cha njano ya kiberiti ndiyo dalili ya kukimbilia kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usiwalishe nyungunyungu, na uwanja waliowahi kukaa kuku si wao, hata ukifagiliwa namna gani. Sakafu ya wavu wa matundu ya milimita 12, iliyoinuliwa, ndiyo salama hadi wakue.

Ukitupigia, uwe na haya mkononi: umri kwa siku, uzito wa leo na wa jana, joto chini ya taa, asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko, na picha ya kinyesi. Hatutoi kifaranga ambaye bado hajala mwenyewe, kwa hiyo akiacha kula baada ya kufika kwako, tunaanza kuuliza joto kabla ya kitu kingine.