Malalamiko: sanskrini yenu ya SPF 50 ni ile ile losheni ya kawaida

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja, na wale wa idara ya ubora pia manake naona hii inawahusu wao zaidi,

Habari zenu. Mimi nina duka la vipodozi hapa Malindi, upande wa mji wa kale, na bidhaa za kampuni yenu nimeziuza tangu nifungue, kwa hivyo msinichukue kama mtu aliyekuja kuwaharibia jina. Naandika kuhusu mafuta yenu ya jua, ile chupa ya rangi ya chungwa ya mililita 200 iliyoandikwa SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), inazuia UVA na UVB, zile aina mbili za miale ya jua, haitoki kwa maji. Nataka mniambie humo ndani mmeweka nini cha kuzuia jua, manake kwa nilivyosoma lebo yenu wenyewe karibu hakuna kitu, na watu wanaungua.

Naomba mchukue chupa mbili, zote zenu. Moja ni hiyo ya chungwa ambayo tunaiuza shilingi 1,100, nyingine ni ile nyeupe ya losheni ya kulainisha ngozi tunayouza 350. Zigeuzeni nyuma mzisome pamoja. Maandishi ni madogo mno, mimi ilibidi nipige picha na simu nivute mpaka yasomeke. Ile nyeupe inaanza na maji, halafu gliserini, halafu parafini ya maji, asidi ya steariki, setili alkoholi, gliserili stearati, dimethikoni, kisha fenoksiethanoli ambayo ni ya kuzuia losheni isiharibike, pafyum, alovera, vitamini E na rangi. Sasa ya chungwa, maji, gliserini, parafini ya maji, asidi ya steariki, setili alkoholi, yaani hivyo hivyo kimoja baada ya kingine bila kuruka, mpaka fenoksiethanoli, mpaka pafyum, na baada ya pafyum ndio inatokea oktinoksati, ambayo ndiyo kizuia jua, mmeiandika kwa lile jina lake refu la ethilheksili methoksisinameti, kisha alovera, vitamini E, na rangi ya njano badala ya ile nyingine. Basi. Tofauti ni kitu kimoja na rangi, na kwa hicho kitu kimoja bei imepanda zaidi ya mara tatu.

Na hicho kimoja chenyewe kimewekwa wapi? Nyuma ya pafyum. Nyinyi ndio mnaotengeneza, mnajua kuliko mimi kwamba viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia na kichache kinafuata, ni vile visivyofika asilimia 1 tu ndivyo vinaruhusiwa kupangwa vyovyote. Kwenye boksi mmeandika bidhaa inafuata viwango vya Ulaya. Haya, Ulaya fenoksiethanoli haitakiwi kuzidi asilimia 1. Kwa hivyo kila kilichoandikwa nyuma yake hakiwezi kuzidi hiyo 1, ndio kusema oktinoksati yenu ni asilimia 1 ikiwa imezidi sana, na labda ni chini ya hapo. Ulaya hiyo hiyo inaruhusu mpaka asilimia 10, Marekani mpaka 7.5, na hata mtu akiijaza mpaka mwisho wa hapo ikiwa peke yake haitoi SPF 50. Sasa nyinyi mmeipata wapi hiyo 50?

Sikuishia kwenye chupa zenu peke yake. Hapa kwetu Waitaliano ni wengi kama mnavyojua, wanakuja na sanskrini zao na wengine wakirudi kwao wanawaachia wafanyikazi wa nyumba, kwa hivyo kupata za kulinganisha sio kazi. Kila ya SPF 50 niliyoishika ina vizuia jua vitatu, vinne, hata vitano, na vimetajwa mwanzoni pale karibu na maji, utaona avobenzoni, oktokrileni, homosaleti, au kama ni zile nzito zinazoacha weupe usoni basi zinki oksaidi na titani daioksaidi. Za Marekani ndio kabisa, vizuia jua vinaandikwa kwenye kisanduku chake mbali na viungo vingine na kila kimoja na asilimia yake, huhitaji kukisia. Yenu ina kimoja, na kiko mkiani.

Halafu kuna hii ya UVA. Mmeiandika mbele kwa herufi kubwa. UVB ndio inayounguza ngozi juu juu mpaka inababuka, UVA inaingia ndani zaidi, hata kioo cha gari inapita, inaleta madoa na kuzeesha ngozi, na zote mbili zina mkono kwenye saratani ya ngozi. Hiyo namba ya SPF inapima zaidi UVB. Oktinoksati nayo kazi yake ni UVB, UVA inaizuia kidogo sana. Kwa hivyo hata kama mngeiweka ya kutosha bado lile neno UVA lisingekuwa na haki ya kukaa kwenye chupa, cha kuizuia UVA hakimo, hakuna avobenzoni, hakuna zinki, hakuna chochote. Zile za Ulaya zina alama ya UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA inafika angalau theluthi ya SPF iliyoandikwa. Yenu haina hiyo alama.

Hiyo losheni yenu nyeupe sina neno nayo, niseme ukweli. Gliserini inavuta maji kwenye ngozi, parafini na dimethikoni zinafunika juu yasipotee, mtu akitoka baharini ngozi imekauka na chumvi akipaka analainika na hapauki kutwa. Naiuza na nitaendelea kuiuza. Lakini kulainisha ngozi na kuikinga na jua ni kazi mbili, na mtu anayenunua kinga akapewa ulaini atakaa juani muda mrefu kuliko angekaa bila kitu, kwa sababu anaamini yuko salama. Ni sawa na kumuuzia mtu chandarua chenye matundu, angejua angejifunika shuka.

Sasa niwaambie nani wananunua. Nina mteja, mama mmoja, mwanawe ana ualbino, yuko shule ya msingi. Huwa anapata mafuta ya jua ya bure yale yanayotolewa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lakini ni mama mwangalifu, anapenda awe na chupa ya akiba nyumbani, na akiba aliyonunua ni yenu kwa sababu mbele mmeandika 50. Siku ya michezo shuleni mtoto akapakwa hiyo ya chungwa. Alirudi shingo imeiva, unaona kabisa mstari wa kola, chini ya shati ngozi ni nzima na juu ya kola nyekundu mpaka nyuma ya masikio, na ncha za masikio zikatoa malengelenge. Usiku hakuweza kulalia upande wowote. Mama yake alikuja dukani na chupa ikiwa nusu akaiweka juu ya meza akaniuliza, dadangu, hii si ndiyo uliniambia ni kali? Nilimwambia ni kali kwa sababu nyinyi mmeandika ni kali. Mtoto kama yule hana melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ya kumsitiri, kuungua kwake leo sio maumivu ya leo tu, ndio njia ya saratani ya ngozi akiwa bado kijana, na Malindi iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la hapa halina msamaha mwaka mzima.

Wengine ni vijana wa boti wanaopeleka wageni kuangalia matumbawe. Wanashinda majini, jua linawapiga juu na linarudi kutoka kwenye maji likawapiga usoni, hasa wakati wa kaskazi. Wanachanga pesa wananunua chupa ya pamoja inakaa kwenye boti. Wananiambia pua na mabega yanababuka kama vile hawajapaka kitu.

Nilimpigia ajenti wenu wa Pwani. Akanijibu, mama, ngozi nyeusi ina kinga yake, hao wanalalamika bure. Jibu hilo limeniuma. Melanini inasaidia ndio, lakini haizuii yote, watu weusi tunaungua na tunatoka madoa ambayo yanakaa miezi usoni, na huyo mtoto ninayemsema hana ya kumkinga. Na kama ngozi nyeusi haihitaji, mbona mnatuuzia? Nilipomuuliza kuhusu orodha ya viungo akasema labda lebo ilichapishwa vibaya. Ikiwa ni hivyo basi toeni lebo sahihi na mseme hadharani ni toleo gani lilikosewa, msiniachie mimi nijibu wateja kwa labda.

Maelezo ya nyuma nayo yanapotosha. Mmeandika paka kidogo asubuhi inakulinda siku nzima. Hakuna sanskrini ya hivyo duniani, hata iwe nzuri vipi inarudiwa kila saa mbili na ukitoka majini au ukitokwa na jasho unapaka tena. Na sio kidogo, SPF yenyewe hupimwa kwa miligramu 2 kila sentimita mraba ya ngozi, kwa mtu mzima mwili mzima hiyo ni kama mililita 30. Haya maneno ya haitoki kwa maji Marekani waliyapiga marufuku kwenye kanuni zao za 2011, kinachoruhusiwa ni kusema inastahimili maji kwa dakika 40 au dakika 80 na iwe imepimwa. Yenu mtu akijitumbukiza tu unaona mafuta yanaelea juu ya maji.

Na kwa kuwa mmechora samaki na matumbawe mkaandika salama kwa bahari, oktinoksati ni moja ya vitu viwili ambavyo Hawaii imezuia visiuzwe ndani ya sanskrini tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe, pamoja na oksibenzoni. Sisi hapa tuna Hifadhi ya Bahari ya Malindi tangu 1968, watu wanakula kwa ajili ya yale matumbawe. Futeni hiyo picha.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza mnipe kwa maandishi asilimia ya oktinoksati iliyomo, na ripoti ya maabara ya kipimo cha SPF, ikiwa na jina la maabara na tarehe na namba ya toleo, sio kikaratasi cha matangazo. Kama hamna ripoti hiyo, iondoeni chupa ya chungwa madukani kote, sio kwangu tu, manake najua maduka ya Watamu na Mambrui yanayo na mpaka Lamu inafika. Mrudishe pesa za wateja, yule mama wa kwanza, na gharama yake ya hospitali mlipe nyinyi. Na mtoe tangazo redioni kwa Kiswahili kwamba wenye ualbino wasiitumie kama kinga, hili lisisubiri mambo ya ofisi, hata kesho mnaweza, kila siku mnayochelewa kuna mzazi anampaka mwanawe anamtoa juani.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 juu yake. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko kwenye boksi lenu kwa hivyo na wao nimewatumia nakala ya barua hii, pamoja na picha za lebo zote mbili na picha ya shingo ya mtoto ambayo mama yake ameniruhusu.

Chupa zenu za chungwa zilizobaki nimezitoa kwenye shelfu, ziko kwenye katoni nyuma ya kaunta, siuzi hata moja. Mtumeni huyo ajenti azichukue aje na pesa zangu. Chupa mbili sitampa, moja haijafunguliwa na moja ni ile nusu ya yule mama, hizo nimewawekea KEBS wakitaka kuzipima.

Nasubiri jibu la maandishi, sio simu.

Mwenye duka la vipodozi,
Malindi