Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka kibandani kwetu, Kirumba, Mwanza

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wetu wote, mlio Kirumba, Igoma, Nyegezi, Sengerema, Ukerewe, na ninyi mliotawanyika mbali na nyumbani: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Mwangaluka.

Kwa niaba ya familia yangu, na kwa niaba ya kibanda chetu cha nyimbo, nawatakia nyote heri ya Krismasi na fanaka ya Mwaka Mpya. Mwenyezi Mungu ametuvusha. Wapo tulioanza nao mwaka huu wakiwa wazima wa afya, tukapeana mikono, tukatakiana heri kama hivi, na leo hatunao. Sisi tunaohema tuna deni la kushukuru.

Salamu hizi kila mwaka alikuwa anaziandika kaka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzisoma mara moja na kuzituma. Safari hii nimekaa mwenyewe na kalamu, kwa hiyo patakapopungua mnivumilie.

Mwaka umekuwa mgumu, na aliyekwenda sokoni wiki hii hahitaji kuelezwa. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, nauli za kwenda kwa wazee zimepanda. Sisi wenye ziwa letu tunamtazama sato akipita kwenda kwa wenye hoteli, tunarudi nyumbani na dagaa. Juzi alikuja mzee mmoja kibandani na flash yake, mteja wetu wa tangu enzi za kanda. Miaka yote anajaza flash nzima kwa ajili ya sikukuu. Safari hii aliniambia nimwekee nyimbo tano tu za zilipendwa, hela iliyobaki ni ya kuku wa wajukuu. Nilimjazia yote. Ndivyo kaka angefanya.

Wengi mnazifahamu zile kaunta buku mbili za kaka, daftari nene, zilizokuwa zikikaa juu ya sabufa zimefungwa na mpira wa baiskeli. Kila tarehe ya mwaka ina ukurasa wake. Upande wa kushoto, kwa wino wa bluu, wanamuziki waliozaliwa siku hiyo. Upande wa kulia, kwa wino mwekundu, waliofariki. Alianza kuziandika akisikiliza redio usiku, akaendelea kwa magazeti, mwishoni kwa simu. Asubuhi akifika kibandani, kabla ya kufungua redio wala kufagia, anafungua tarehe ya leo. Aliyetajwa humo ndiye anayefungua kazi. Mpita njia akiuliza mbona leo unapiga huyu, anasomewa ukurasa.

Mwezi huu wote nimefuata utaratibu wake, na nimegundua kuwa Desemba ni mwezi wenye wino mwekundu mwingi.

Tarehe 8 ni John Lennon, aliyepigwa risasi mlangoni kwake New York mwaka 1980. Tarehe 10 ni Otis Redding, na hapo ilinibidi nikae chini. Ndege yake ndogo ilianguka mwaka 1967 katika Ziwa Monona, karibu na mji wa Madison kule Marekani. Alikuwa na miaka 26. Siku chache kabla alikuwa ametoka kurekodi wimbo wa mtu aliyekaa gatini akitazama maji, wimbo ambao ulikuja kushika namba moja yeye akiwa kaburini. Katika ndege hiyo alipona mmoja tu, mpiga tarumbeta Ben Cauley, aliyeng'ang'ania mto wa kiti mpaka akaokolewa. Pembeni ya habari hiyo kaka ameandika kwa penseli: kama MV Bukoba. Aliyekuwepo Mwanza tarehe 21 Mei 1996, meli hiyo ilipozama ziwani, anajua maneno hayo yana uzito gani. Kaka alikuwa mmoja wa vijana waliokwenda Igoma kuchimba makaburi. Aliporudi alifunika spika kwa shuka, na kibanda kilikaa kimya siku nyingi. Habari ya mtu aliyezama katika ziwa la mbali hakuweza kuiandika hivi hivi.

Tarehe 13 ni Dokta Remmy Ongala, Dar es Salaam, 2010. Huyu tulimpiga kutwa nzima. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja kwetu mwaka 1978 akaingia Orchestra Makassy, halafu akaiongoza Super Matimila mpaka watu wa Sinza wakaita kituo chao cha daladala kwa jina lake. Aliimba juu ya kifo bila kukiogopa, aliimba shida za maskini akiwa anazijua, na miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi akamwimbia Mungu. Mama mmoja muuza maandazi alisimama na beseni lake kichwani mpaka wimbo ukaisha, kisha akaondoka bila kusema neno.

Na siku ya Krismasi yenyewe, kwa wino mwekundu: James Brown, Atlanta, 2006. Tena chini yake George Michael, Uingereza, 2016. Chini ya James Brown kaka aliongeza mistari mingi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu alipenda mno ile habari ya Septemba 1974, James Brown alipokuja Kinshasa katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Jukwaa moja lilimbeba yeye, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na TP OK Jazz, na Tabu Ley na Afrisa. Kaka alikuwa akisema kwamba angepewa siku moja ya kurudi nyuma, angeomba usiku mmojawapo wa zile tatu. Hao watano wote sasa wana wino mwekundu: Franco 1989, James Brown 2006, Makeba 2008, Tabu Ley 2013, B.B. King 2015.

Sasa niseme kilichonisukuma kuandika kwa kirefu.

Nilipokuwa nikigeuza kurasa hizo niliona jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalitazama bila kuliona. Wa ng'ambo wana wino wa pande zote mbili. Elvis Presley, 8 Januari 1935, Tupelo, Mississippi: tarehe, mwezi, mwaka na mji. Wa kwetu wengi wana wekundu peke yake. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, hilo limeandikwa vizuri. Kuzaliwa kwake, kaka ameweka "Fumba, Unguja, kama 1880" basi. Bi Kidude tulimzika Aprili 2013, dunia nzima ikatangaza, lakini siku aliyozaliwa hakuna aliyeijua, mwenyewe alihesabu umri wake kwa zama za rupia. Kwa Tabu Ley kaka aliandika 1937, akaikata, akaandika 1940, akaweka alama ya kuuliza. Kurasa kwa kurasa, upande wa bluu una kistari na nafasi iliyosubiri.

Kaka alitutoka tarehe 19 Agosti. Siku ya msiba fundi wa msalaba alikuja na kalamu ya seremala sikioni akatuuliza: alizaliwa lini? Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, wadogo zake wanne na watoto wake, tukatazamana. Kadi ya kliniki haikuwepo enzi hizo kijijini kwetu. Tarehe iliyokuwa kwenye kitambulisho chake alijikisia siku ya kuandikishwa, na mwenyewe alikuwa akisema si ya kweli. Mama hayupo, baba hayupo. Mwisho shangazi aliyekuja na kivuko kutoka Ukerewe akasema: huyu alizaliwa mwaka ziwa lilipojaa, maji yakaingia kwenye viazi mpaka tukahamisha nyumba. Zile mvua kubwa za kuanzia mwisho wa 1961. Basi msalabani tukaandika 1962.

Mtu aliyejua siku ya kuzaliwa ya Elvis kama jina lake, ya kwake hakuwa nayo, na mimi mdogo wake niliyekaa naye kibandani miaka ishirini na saba sikuwahi hata siku moja kumuuliza.

Ukurasa wa tarehe 19 Agosti ulikuwa mtupu. Hakuwa amepata wa kumwandika. Kwa miezi minne nimeufungua na kuufunga. Usiku wa kuamkia jana umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu nikaandika. Kwa wekundu: Mwanza, mpiga gitaa la ridhimu. Maana kaka aliwahi kupiga gitaa katika bendi ya hapa hapa mjini, bendi iliyokufa bila kurekodi hata wimbo mmoja, na jina lake haliko kwenye santuri yoyote. Upande wa bluu nikaandika: Ukerewe, 1962, ziwa lilipojaa. Tarehe nimeacha kistari, kama alivyofanya yeye kwa wakubwa wake.

Ndugu zangu, sikukuu hii wengi mtakwenda kwa wazee. Waulizeni. Bibi akishakula, kaa naye, muulize alizaliwa msimu gani, mvua ipi, njaa ipi, nani alikuwa chifu, nani alimpa jina, wimbo gani uliimbwa akiolewa. Andika. Usiseme nitarudi Pasaka. Na watoto wenu wakateni vyeti vya kuzaliwa mapema, msingoje mpaka shule idai. Kuna watu wanasema kuadhimisha siku ya kuzaliwa ni mambo ya Wazungu. Sisi ambao tuko tayari kuchangishana mamilioni kwa ajili ya jeneza, turubai na fulana zenye picha ya marehemu, tunashindwaje kumnunulia mtu soda akiwa hai na kumwambia tunafurahi kwamba ulizaliwa?

Na wanamuziki wetu ni hivyo hivyo. Mzee aliyepiga besi miaka arobaini anapita mtaani kwenu na fimbo, hamumsalimii, siku akifa mtajaza picha yake kwenye simu zenu na mishumaa. Mwiteni sasa. Kama mna sherehe, mpeni gitaa apige nyimbo mbili, na mumlipe kama mnavyomlipa mwenye muziki wa spika. Wenye baa, wenye kwaya, wenye redio, nawaomba kwa heshima zote.

Madereva nanyi, polepole. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na miaka 34 ajali ya gari ilipomchukua kule Mombasa, Januari 1979. Daniel Owino Misiani, mwana wa Shirati, wa ziwa hili hili letu, naye ni ajali ya barabarani, Kisumu, 17 Mei 2006. Hank Williams alifia kiti cha nyuma cha gari usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1953, akipelekwa kwenye onyesho. Sasa kwa upande wa Sengerema daraja lipo, foleni ya kivuko haipo tena, hakuna sababu ya kukimbizana. Abiria, mwambieni dereva, msiogope kuonekana washamba. Tumezika vya kutosha. Mungu alitupa siku ya kuzaliwa kwa Mwanawe ili tuufurahie uhai, si ili tuhesabu maiti barabarani.

Basi, kwa mara nyingine, nawatakia Krismasi njema yenye amani na upendo. Mwenyezi Mungu awabariki wagonjwa, wajane, yatima, wavuvi walio majini na wote wenye kufiwa. Mwaka Mpya uwe wa baraka, afya njema na mafanikio. Wabeja sana kwa rambirambi zenu za Agosti. Kila mliyenitumia nimemwandika.

Mkesha wa Krismasi kibanda kitakuwa wazi hadi saa mbili usiku. Wenye flash na memori kadi mje mapema. Asubuhi ya sikukuu nitafungua kidogo baada ya misa, nimpige James Brown.