Mbegu isiyoliwa na funza: mbona dukani kwetu haipo?

Mvua za Desemba zikikaribia, hapa dukani Masasi hakosi mteja wa kuuliza: "Mna ile mbegu ya mahindi ambayo funza hawaigusi?" Wengi wamesikia kwa ndugu walioko Afrika Kusini.

Mbegu hiyo ipo, lakini Tanzania haijaruhusiwa kulimwa kibiashara. Hata majaribio ya Makutupora, Dodoma, serikali iliyasimamisha 2018. Ukiuziwa mtaani, umeuziwa maneno.

Ndani yake kuna kinasaba cha bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis. Kiwavi akitafuna jani, protini yake inamtoboa utumbo. Raha yake haifichiki: bomba halikuchoshi mgongo, na hela ya dawa inapungua.

Sasa gharama ambazo ndugu hasimulii. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi haya 1998. Haikutimia miaka kumi, funza wa mabua wa baadhi ya maeneo wakawa sugu. Mkulima alitakiwa aache kipande cha mahindi ya kawaida, ili wadudu wasio sugu wabaki na kupandana na waliopona, usugu usienee. Wengi hawakuacha. Nawe mwenye ekari mbili, mama, kipande utakitoa wapi?

Tena mbegu inalenga viwavi. Wadudu wanaofyonza hawaisikii. China pamba yenye kinasaba hiki ilipopunguziwa dawa, kunguni wa mimea wakaongezeka. Dumuzi, yule tunayemwita scania, ghalani ataendelea kula kama kawaida.

Kisa cha Burkina Faso ndicho mkulima wa korosho atakielewa upesi, maana anajua daraja la mzigo linavyoamua bei. Pamba yao ya namna hii, iliyoanza kulimwa kibiashara 2008, ilizuia viwavi vizuri, ila nyuzi zikawa fupi na soko likalalamika. Kufikia 2016 wakaanza kurudi kwenye mbegu yao ya zamani.

Kwa hiyo tunauza mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu (kwangua namba uihakiki kwa simu kabla hujaondoka), na ushauri hatutozi. Panda mapema, kagua moyo wa mhindi mara mbili kwa wiki, piga dawa jioni kiwavi akiwa bado mdogo. Akishazama ndani, dawa haimfikii.

Usije na maelezo matupu, njoo na mdudu mwenyewe kwenye chupa. Akiwa na alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia, huyo ni kiwavijeshi vamizi, na dawa yake tutaijadili hapohapo kaunta.