Mjomba, Wachina nao walisumbuliwa na msumari

Mjomba shikamoo. Najua WhatsApp unafunguaga picha tu, maandishi unaruka, so nakuandikia huku hadharani labda watoto watakusomea.

Jana nimeingia ile ikulu ya zamani ya wafalme hapa Beijing. Wenzangu wanapiga picha kiti cha enzi, mi shingo juu naangalia paa, hii tabia umeniambukiza we. Vigae vya njano vinang'aa kama sahani, njano ilikuwa rangi ya mfalme, raia ukiezeka hivyo umejitafutia kesi. Sa pale konani, mgongo wa paa unaposhuka mpaka unabetuka juu, kuna vinyama vya udongo vimepanga foleni. Mbele kabisa jamaa kapanda ndege kama kuku, nyuma yake joka, simba, farasi, sijui nani mwenye pembe moja, mpaka wa 10 ambaye ni kama nyani mwenye mabawa. Huyo nyani yupo jumba kubwa tu, Taihedian. Majumba mengine ni 9, 7, 5, cheo kikishuka na vinyama vinapungua.

Sasa sikia utamu. Mgongo ule umelala mteremko na vigae vyake vizito vinataka kuserereka, kwa hiyo fundi anapigilia vya chini kwa msumari mrefu. Na kigae ukishakitoboa umekaribisha maji, hilo nakufundisha nini wewe, msumari kutu, mbao inaoza. Wakauvalisha msumari kofia ya udongo, baadaye kofia ikawa inafinyangwa mnyama. Yaani ni raba ya msumari wa bati Mjomba! Ile ile unayosemaga "haina haja" halafu masika nzima mama anatega beseni sebuleni.

Ila wao hofu yao kubwa ilikuwa moto, maana majumba ni mbao tupu. Ndo maana kule juu kabisa kila ncha ya paa kuna dude linaitwa chiwen, limeachama limeng'ata paa, wanaamini linaleta maji, na mgongoni limechomekwa upanga eti lisitoroke. Halikusaidia kihivyo: jumba lilikamilika 1420, 1421 radi ikaliunguza, hili la sasa walianza kulijenga 1695.

Dukani nimenunua kamoja, kale ka mpanda kuku. Chini kako wazi, ndani tupu. Nakaleta Desemba, na usikaweke kabatini, kana kazi pale juu ya sebule.