Zamu mpya kazini zimevuruga mazoezi yangu ya marathoni

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Tudor, Mombasa. Mimi ni mama wa watoto wawili, karani katika yadi moja ya makontena upande wa Changamwe, na ni mkimbiaji wa masafa marefu. Nusu marathoni nimeshazikimbia, na mwaka huu nimejiandikisha kukimbia marathoni kamili, kilomita 42.195, katika mashindano ya Nairobi ya mwezi wa Oktoba. Nakuandikia kwa sababu tangu kazini wabadilishe utaratibu wa zamu, mazoezi yangu yamekosa nafasi, na kila ninayemwuliza hunipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Hapo awali niliingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Niliamka alfajiri, nikakutana na wenzangu wa kikundi, tukakimbia hadi Mama Ngina na kurudi kabla jua halijapanda. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya zoezi refu: tulivuka daraja la Nyali, tukaishika barabara ya Malindi kupitia Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, na aliyezidiwa wakati wa kurudi alipanda matatu bila kuchekwa na mtu.

Sasa yadi inafanya kazi usiku na mchana. Zamu ya kwanza huanza saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, ya pili saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na ya tatu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kila wiki tunahama zamu, na mzunguko huo haubadiliki. Wiki ya zamu ya mchana hainisumbui, kwa kuwa asubuhi yote ni yangu. Wiki ya zamu ya asubuhi hunilazimu kukimbia jioni, nayo ina shida yake, maana hapa kwetu jua huzama kabla ya saa 1, na mwanamke anayekimbia peke yake gizani hana amani, hata kama mtaa wanamfahamu. Hata hivyo, nikitoka saa 10 na nusu napata saa mbili za mwanga, nazo zinanitosha kwa mazoezi ya kawaida.

Kinachonikosesha raha ni wiki ya usiku. Mwalimu wa kikundi chetu anashauri nibebe viatu kazini na nianze zoezi refu pale pale getini saa 12 asubuhi, kwa kuwa nikishafika nyumbani na kulala sitaamka tena kwa ajili ya mbio. Mume wangu anashikilia kwamba nilale kwanza. Ushauri wa mwalimu naufahamu, lakini zoezi la kilomita 30 kwa mwendo wangu huchukua zaidi ya saa tatu, maana yake ni kwamba sehemu ngumu kabisa ya mwisho nitaikimbia baada ya saa 2 asubuhi, jua likiwa limeshawaka, nami nimekesha.

Watu wa bara hudhani Mombasa ni pepesi kwa mkimbiaji kwa sababu hakuna vilima. Unyevu wa hewa wanausahau: jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Wapenzi wa riadha watakumbuka mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika hapa kwenye uwanja wa gofu mwezi wa Machi mwaka 2007, wakati Kenenisa Bekele alipojitoa katika mzunguko wa mwisho na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Joto la siku ile liliwaangusha wanariadha waliolala vizuri na kulishwa vizuri. Ni kweli kwamba sasa kusi inavuma na hali ni afadhali, ila kusi ikishapungua joto litarudi, na hapo ndipo mazoezi yangu yatakuwa yamefika kileleni.

Kulala mchana nako kuna kazi yake. Nimetundika leso mbili juu ya pazia la dirisha, watoto wako shule, feni naielekeza kitandani. Lakini chini ya nyumba yetu kuna karakana ya kuchomelea mageti, na wanapoanza kukata vyuma saa 4 asubuhi usingizi unaniruka. Umeme ukikatika, feni ikasimama, hapo tena hakuna la kufanya. Kwa hiyo hata nikimfuata mume wangu, saa za jioni hunikuta nikiwa na usingizi wa nusu, miguu mizito, na zamu nyingine ikinisubiri usiku huo huo.

Nimefikiria njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoomba uipime. Badala ya kupanga mazoezi kwa wiki, niyapange kwa majuma matatu kufuata zamu: juma la zamu ya mchana liwe zito, lenye zoezi refu na mbio za kasi, juma la asubuhi liwe la wastani, na juma la usiku liwe jepesi, nikimbie kilomita chache tu jioni ili mwili usisahau. Je, mtu anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza kamili anaweza kulegeza kiasi hicho kila juma la tatu na bado akafika Oktoba akiwa tayari, au ni heri nihamie nusu marathoni mapema?

Kuna jambo jingine ambalo limenitia wasiwasi zaidi. Nimehesabu mzunguko wa zamu hadi Oktoba, na juma la mwisho kabla ya mashindano linaangukia usiku. Zamu yangu ya mwisho itaisha Jumamosi saa 12 asubuhi, mchana nipande treni Miritini, na Jumapili asubuhi niwe kwenye mstari Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwenzangu mmoja amekubali kunishikia zamu mbili za juma hilo, hawezi zaidi, na likizo yangu ya mwaka imekwisha. Wengine wananiambia niombe usiku wa Alhamisi na Ijumaa ili nilale siku mbili mfululizo kabla ya safari. Wengine wanasema usingizi wa maana ni wa katikati ya juma, kwa kuwa usiku wa kuamkia mashindano hakuna anayelala vizuri. Msimamizi anataka mabadilishano yote yaandikwe mapema, kwa hiyo nakuomba unijibu hasa hili: niombe usiku upi na upi?

Wako mtiifu,
Mkimbiaji wa Tudor, Mombasa