Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhesabu Miungano ya Galaksi

Ndugu wanachama,

Habari za michango na matumizi zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, sizirudii. Nazungumzia kazi iliyokula Jumamosi zetu nyingi hapa Dar es Salaam, yaani kutambua kwa programu ya Python galaksi zilizoungana ndani ya data za IllustrisTNG, mradi wa kuiga ulimwengu kwa kompyuta.

Tulichagua TNG100, sanduku la ulimwengu lenye upande wa takribani miaka-nuru milioni 360. Data zake ni picha 100 za nyakati, kuanzia 0 hadi 99, na 99 ndiyo leo. Miti ya ukoo, inayoonyesha kila galaksi ilitokana na zipi, imeshatengenezwa na programu ya SubLink. Programu yetu huanzia 99 na kurudi nyuma kwa kufuata FirstProgenitorID, mzazi mkuu. Kila mzazi mkuu huulizwa kama ana mwenzake kwenye NextProgenitorID. Jibu lisipokuwa -1, yaani hakuna, galaksi mbili zimekuwa moja.

Sehemu hiyo ni mistari michache tu. Kazi iko kwenye uwiano wa masi. Muungano mkubwa ni ule ambao galaksi ndogo ina angalau robo ya masi ya nyota ya kubwa. Kati ya 1:10 na 1:4 ni mdogo. Wengi wetu tulipima uwiano huo kwenye picha ya mwisho kabla ya kuungana, na miungano mikubwa ikawa adimu ajabu. Sababu ni kwamba galaksi mbili zikishakaribiana, Subfind, programu inayotenganisha galaksi ndani ya data, huanza kuzihesabu nyota za ndogo kuwa mali ya kubwa, na ndogo huonekana imekonda. Dawa ni kurudi kwenye tawi la galaksi ndogo hadi picha ambayo masi yake ya nyota ilifikia kilele, kisha kupima zote mbili hapo hapo. Kumbukeni pia kwamba mzazi mkuu huchaguliwa kwa uzito wa historia ya tawi lake lote, si kwa uzito wa siku hiyo. Hivyo uwiano ukizidi 1, ugeuzeni.

Kosa la pili, kusahau h, hujificha vizuri zaidi. Masi kwenye faili zimeandikwa kwa kipimo cha masi za jua bilioni 10, zikigawanywa kwa h, namba ya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ambayo hapa ni 0.6774. Kwenye uwiano h hujifuta, hivyo matokeo yanaonekana safi kabisa, lakini kikomo chako cha chini cha masi kinakuwa kimehama bila wewe kujua.

Na kikomo ni lazima. Chembe moja ya nyota, kipande kidogo kabisa cha nyota kwenye data hizi, ina masi za jua milioni 1.4 hivi. Galaksi kuu ikiwa na bilioni 1, mwenzake wa 1:10 ana chembe 70 tu. Chini ya hapo tunahesabu kelele. TNG100-3, toleo la sanduku hilo hilo lenye ubora wa chini, ni nyepesi kupakua na inafaa kujifunzia, ila chembe zake ni nzito mara 64. Msilete hesabu zake mkutanoni.

Muungano wa galaksi hauna tarehe kama 26 Aprili. Kati ya picha na picha hupita takribani miaka milioni 150, na hatujui zaidi ya hapo. Isitoshe, SubLink huweza kuruka picha moja galaksi ndogo inapopotelea ndani ya kubwa, hivyo someni SnapNum, namba ya picha. Msidhani mzao yuko picha inayofuata.

Galaksi zenye SubhaloFlag (alama ya uhalali) sifuri ziondolewe mapema, kwani ni mabonge ya gesi au nyota yasiyozaliwa kama galaksi.

Mwaka ujao tunahamia TNG50, sanduku dogo zaidi lenye chembe nyepesi zaidi. Bando lisiwe kisingizio: mradi wenyewe hutoa Jupyter, ukurasa wa kuandikia na kuendesha Python, kwenye seva yake, data zikiwa huko huko. Anayepakua mti mmoja mmoja ahifadhi kila mti kwenye faili lake, ili umeme ukikatika aendelee alipoishia.

Mwenyekiti