Somo, gita la solo halina mtu

Malindi, Jumatano usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, kusi linavuma, na mji umepoa tangu Waitaliano warudi kwao. Mama yako nilimpitia juzi. Goti linamsumbua, lakini ulimi hauna maradhi: alinisuta mpaka nikatamani ardhi inimeze, eti nimekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapiga pale baa yetu ya Maweni, ile yenye mwarobaini uani, na gita la solo halina mtu.

Ngoja nikueleze usije ukadhani nakutania. Tangu Pasaka mwenye baa alituweka kando akachukua dijei. Simlaumu sana. Dijei ni mmoja, ana kompyuta yake, anakunywa soda mbili, hesabu imekwisha. Sisi tuko sita, na mpiga ngoma wetu unamjua akikalishwa mbele ya sinia la pilau. Lakini wateja wa zamani wameanza kuhama, wale walimu wastaafu na wazee wa bandarini wanaokaa na chupa moja mpaka ipate joto, kisha wakisikia saksafoni wanaagiza tatu. Mmoja alisema pale kaunta, nami nasikia, kwamba hakuvaa shati la pasi aje kupigiwa kelele na mtu wa rika la mjukuu wake. Basi tumepewa Jumamosi moja. Watu wakijaa, tutakuwa tunapiga kila mwisho wa mwezi. Wasipojaa, besi yangu itageuka pikipiki, maana mke wangu ameshaulizia bei.

Tunapiga bango, Somo, ule muziki wetu wa pwani. Bango tupu mpaka saa nne, halafu rumba kidogo na zilizopendwa za kuamsha waliolala. Huko mahotelini nimechoka. Msimu mzima nimevaa shati la maua, napiga "Jambo Bwana" mara tatu kwa usiku. Wimbo wenyewe hauna kosa. Them Mushrooms walipoutoa 1982 walijua wanachokifanya, nao walikuwa wapigaji wa mahotelini kama sisi. Lakini mgeni akishapiga picha amemalizana nawe. Bango la Mzee Ngala wa Freretown halipigiwi mtu wa kupita. Lile ni la watu waliooana nalo. Ukilianzisha tu, mama mmoja wa Muyeye ataweka mkoba juu ya meza, amtazame mumewe, na mume hana ujanja tena, anainuka.

Na ndiyo maana nakutaka wewe. Kijana tuliyempata ana vidole vyepesi, nakiri, ila anapiga kama anayefukuzwa na mbwa. Saksafoni ikivuta pumzi, yeye amejaza nafasi yote kama makanga wa matatu ya jioni. Mzee wetu alisimamisha wimbo katikati ya mazoezi, akatoa saksafoni mdomoni, akamwambia, "Mwanangu, mimi nikiuliza, wewe ngoja nimalize swali." Kijana akacheka. Mzee hakucheka, akatoa wembe akaanza kuukwangua ule ulimi wa mwanzi wa saksafoni, polepole, kama anayemenya embe, na sote tukajua mazoezi yameisha siku ile. Wewe ulikuwa unajua kungoja. Ulikuwa unaacha neno moja linaning'inia, kisha unalijibu kwa nyuzi mbili tu.

Najua utasema hujashika gita tangu uanze hiyo kazi ya ofisini. Sugu za vidole zimekwisha, sawa. Anza leo. Dakika ishirini kila jioni. Wiki ya kwanza vitawaka moto, ya pili vitazoea. Nyimbo ni zile zile, hatujaongeza hata moja, na wewe ndiwe uliyetupangia funguo zake nyingi.

Mimi mwenyewe sijakaa vizuri. Huu upepo wa chumvi umezila nyuzi za besi, zinatoa sauti kama kamba ya kuanikia nguo. Jumapili nikazivua, nikazitia kwenye sufuria ya maji na siki kidogo, zikachemka robo saa. Zikatoka zinang'aa, na yale maji yakawa meusi kama ya kuoshea samaki wa mkaa. Siku tatu zimelia vizuri, sasa zimeanza kulala tena. Sufuria, kwa bahati mbaya, ilikuwa ile ya chai. Asubuhi mke wangu alionja, akaiweka chini, akaniuliza kwa upole sana kama bendi inalipa vyombo pia. Sijaongea sana nyumbani tangu siku hiyo.

Kwa hiyo ukiwa hapo Nairobi pitia barabara ya Luthuli uninunulie seti ya nyuzi za besi, nitakurudishia pesa tukishalipwa. (Tukilipwa. Kiingilio ni shilingi mia mbili, na nusu ni ya mwenye baa.)

Njia unaijua. Panda treni ya usiku Ijumaa, ukishuka Miritini chukua gari la kwenda Mombasa mjini, halafu matatu ya Malindi. Ukifika Kilifi nipigie nimtume bodaboda akungoje stendi. Utalala kwetu, mkeka upo na neti haina tundu. Usiende kwa mama yako kwanza, atakulisha mpaka saa mbili usiku na sisi tunaanza saa moja na nusu. Jukwaa ni lile lile, makreti ya bia na plaiwudi juu. Kona ya kushoto imelegea, usiikanyage. Saa sita tunashusha sauti, tuliwaahidi majirani.

Stima ikipotea kuna jenereta, ila inanguruma kwa sauti inayopishana na ya besi kidogo tu. Nitaona cha kufanya.

Nijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu lazima nimwambie yule kijana kama anapiga solo au ridhimu, na sitaki asikie kwa mtu mwingine.

Wako,
Somo

Nyuzi za besi ni nne, nene. Mara ya mwisho ulileta sita.